Mpox Lamu: nani aandikwe, siku 21 zaanza lini, na wavuvi wa dago wafuatwe vipi?

BintiWiyoni aliuliza:

Assalaam alaykum wakubwa zangu. Jumatatu naanza kazi ya kuwafuatilia waliotangamana na wagonjwa wa mpox, kisiwa cha Lamu na upande wa Pate. Mafunzo yalikuwa ya siku moja, na sehemu kubwa ya siku hiyo ilikwisha kwa kugawa beji na kusaini karatasi. Fomu ninazo, kipimajoto ninacho, ila kuna mambo sikuyaelewa na sitaki kwenda kujifunzia mlangoni kwa watu.

Nani hasa anayeandikwa? Chukulieni mgonjwa aliyevuka na boti kutoka Mokowe, upande wa bara, akanywa kahawa barazani, akasali jamaa, halafu usiku akala sinia moja na wenzake wanne arusini. Nikiwaandika wote nitapata majina sitini kwa mgonjwa mmoja. Nikiwaacha, naogopa kumwacha yule atakayeugua.

Siku 21 za kumfuatilia mtu zahesabiwa tangu alipokutana na mgonjwa au tangu nilipompata mimi? Na fomu ina visanduku 21 tu. Mama anayemuuguza mwanawe nyumbani namhesabia vipi?

Wavuvi walio dago (kambi za uvuvi za mbali) je? Kiwayu na Ndau simu hushika inapotaka yenyewe. Na wanawake ambao nambari waliyotoa ni ya mume?

Mwisho, mtu akikataa kabisa kuzungumza nami, nafanyaje? Shukran.

---

Nahodha_wa_Fomu alijibu:

Waalaykum salaam, binti. Nitayachukua mawili ya kwanza, mengine wenzangu watajaza.

Usianze na mahali, anza na ngozi. Mpox huambukiza zaidi kwa kugusana na ngozi yenye vipele, kwa majimaji ya vidonda, kwa mate na pumzi za watu walioelekeana karibu kwa muda, na kwa shuka, nguo na taulo za mgonjwa. Basi kila anayetajwa mpitishe kwenye maswali manne. Walilala kitanda kimoja au mkeka mmoja? Waligusana mwili, ikiwemo kujamiiana? Walitumia shuka, leso, nguo au taulo moja? Walikaa uso kwa uso, karibu, kwa muda mrefu? Likijibiwa ndiyo moja tu, anaandikwa. Yote manne yakiwa hapana, mwache aende zake.

Sasa mfano wako. Boti la Mokowe ni mwendo mfupi na upepo unapita. Abiria wa benchi jingine hawahusiki. Aliyebanana naye ubavu kwa ubavu, mikono wazi, mgonjwa tayari ana vipele mkononi, huyo ni wako. Msikitini bega lagusa bega lakini katikati pana kanzu. Kinachotakiwa kuulizwa hapo ni ile mikono ya baada ya swala, kwa sababu vipele vya mpox hupenda kutokea viganjani na nyayoni. Viganja vikiwa safi siku ile, waliosali naye wote waache. Vikiwa na vipele, waandike aliowapa mkono. Wale wanne wa sinia waandike bila kusita: magoti yamegusana, mikono imekutana kwenye wali mmoja, na maneno yanasemwa usoni. Wageni wengine wa arusi siwataki kwenye orodha yako.

Tarehe ndizo zinazoharibu kazi mapema. Mgonjwa huhesabiwa kuwa anaambukiza tangu dalili ya kwanza, si tangu vipele vilipoonekana. Mtu akisema "naumwa tangu Alhamisi" mara nyingi ana maana ya vipele. Ukimuuliza kuhusu homa, kichwa, maumivu ya mgongo na mitoki (tezi zilizovimba), unakuta vilianza Jumatatu. Siku hizo tatu alikuwa akitembea mjini kama kawaida, na ndiko waliko watu wako. Miongozo mingine huongeza siku moja hadi nne kabla ya dalili. Muulize msimamizi mnatumia upi, na timu nzima itumie huo huo. Mwisho wa kuambukiza ni pale vigaga vyote vimeanguka na ngozi mpya imefunika, kwa kawaida wiki mbili hadi nne.

Mahojiano yenyewe yataka utulivu. Ukiuliza "ulikutana na nani?" utajibiwa "hakuna mtu". Mrudishe nyuma siku baada ya siku ukianzia leo, na saa zake ziwe za swala: jana baada ya alasiri ulikuwa wapi? Baada ya magharibi? Aliyesafiri muulize maji yalikuwa yamejaa au yamekupwa aliposhuka botini. Atakukumbukia hilo upesi kuliko saa. Aangalie simu yake mwenyewe, orodha ya aliowapigia na ujumbe wa M-Pesa. Malipo ya shilingi 150 saa tatu usiku humkumbusha mtu alikokuwa kuliko maswali yako kumi.

Raundi ya pili iwe ya malazi. Sema "usiku ule ulilala wapi?" kisha nyamaza. Usiseme "ulilala na nani". Mtu akishataja mahali, watu wa mahali pale hufuata wenyewe, na wewe uso wako usibadilike wakifuata. Raundi ya tatu iwe ya mikono ya watu: nani anakufulia? Nani alikukanda mgongo ulipouma? Nani alikunyoa? Kwa wanawake, nani alikusuka, nani alikupaka hina na piko? Kinyozi na mpaka hina husahaulika karibu kila mara, nao hugusa watu kumi kwa siku.

Ukitoka kwenye nyumba ya watu wanane na majina matatu, kazi haijakwisha. Rudi.

Sasa siku. Siku ya mwisho ya kutangamana ndiyo siku 0. Tuseme Fulani alimgusa mgonjwa mara ya mwisho tarehe 3 Machi. Siku ya 1 ni 4 Machi, siku ya 21 ni 24 Machi. Wewe umempata 12 Machi, hiyo ni siku ya 9. Visanduku vya 1 hadi 8 vipige mstari, usiandike "hana dalili" siku ambazo hukumwona. Muulize alikuwaje siku hizo, jibu liende kwenye nafasi ya maelezo. Anayeanza kuhesabu siku aliyompata atamfuata mtu hadi 2 Aprili bure, na mtu mwenyewe atachoka naye. Kosa baya zaidi ni kuhesabu tangu siku ya kwanza ya kukutana, maana hapo unamfungua mtu kabla ya wakati wake.

Mama anayeuguza, siku yake 0 inasogea kila siku anapomuosha mwanawe. Mfuatilie kila siku tangu mwanzo, lakini hesabu ya 21 ianze mtoto anapopona kabisa au anapohamishwa. Vigaga vikiisha 20 Machi, mama atafika siku ya 21 tarehe 10 Aprili. Bana fomu ya pili nyuma ya ya kwanza, nambari ileile, andika juu "muuguzaji". Msimamizi akiuliza kwa nini mtu mmoja ana fomu mbili, mwonyeshe tarehe.

---

SindanoTaratibu alijibu:

Nahodha amemaliza mengi. Mimi naongeza ya ngozi na ya kipimajoto, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoandika uongo bila kujua.

Kipimajoto cha kuelekeza kwenye paji la uso hupima ngozi. Aliyetoka juani mtaani Langoni saa saba mchana atasoma juu, na aliyetoka kujimwagia maji atasoma chini. Mkalishe kivulini dakika 10 hadi 15, mfutishe jasho, ndipo upime. Kabla ya kupima uliza: umemeza panadol au dawa yoyote ya maumivu leo? Saa ngapi? Dawa hushusha homa kwa saa kadhaa, nawe utaandika 36.6 ukaondoka umeridhika. Chukua betri za akiba. Kipimajoto chenye betri dhaifu huweza kutoa namba za ajabu bila kuzima.

Homa peke yake haikutoshi. Wapo ambao vipele hutangulia, na wapo ambao vipele ni viwili au vitatu tu, sehemu za siri au karibu na njia ya haja, hakuna homa ya maana. Kwa hiyo swali la kila siku ni "kuna kipele chochote kipya, hata kimoja, hata mahali pa kuonea haya?" Usimwambie avue. Ajiangalie mwenyewe faraghani, kisha akuambie. Mwanamke aulizwe na mwanamke.

Kutofautisha na tetekuwanga si kazi yako, ila ujue kwa nini daktari anakuuliza. Tetekuwanga hutoka kwa mafungu, unakuta kipele kibichi na kilichokauka pahali pamoja, tena zaidi kifuani na mgongoni. Mpox mara nyingi vipele vya sehemu moja huenda pamoja, huingia viganjani na nyayoni, na mitoki ya shingo, kwapa au kinena huvimba. Lakini mara nyingi si kila mara. Kipimo cha maabara ndicho kinachokata.

Ukikuta mwenye dalili: rudi nyuma hatua mbili, mpe barakoa, vaa yako, afunike vipele kwa nguo, piga simu kwa timu ya sampuli ukiwa palepale. Usitoboe kipele, usikiguse, wala usimpige picha ukaitupa kwenye kundi la WhatsApp "mtusaidie kutambua". Sampuli hupanguswa kwenye vidonda kwa vijiti maalumu, husafiri kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, na kutoka Pate hiyo ina maana ya kupanga boti na kisanduku cha barafu kabla ya kuchukua. Sampuli iliyolala Faza, huko Pate, kwenye joto hairudishi jibu la kutegemewa.

Asiye na dalili si mfungwa. Aende kazini. Ila kwa siku hizo 21 asitoe damu, asijamiiane, ajiepushe na kuwagusa watoto wachanga, waja wazito na watu ambao kinga yao ni dhaifu. Safari ndefu aahirishe, na isipowezekana akuarifu kabla.

---

StendiMalindi alijibu:

Natoka upande wa huku Malindi, kwa hiyo nazungumzia wanaotutoroka barabarani.

Basi la kutoka Mokowe hupita Witu, Garsen, ndipo lifike Malindi. Kontakti, yaani aliyetangamana na mgonjwa, akishuka Witu bado ni wenu. Akishuka Garsen ni wa Tana River. Akifika kwetu ni wa Kilifi. Kaunti tatu kwa mchana mmoja. Ofisi ya kukata tiketi ina orodha ya jina, simu na kiti, na hutupwa baada ya siku chache, kwa hiyo iulizie siku ileile. Waliopandia njiani hawamo, wanawajua makondakta tu. Kwenye basi andika wa kiti cha ubavuni, na aliyempakata mtoto karibu. Msinilete abiria hamsini.

Mkimkabidhi mtu kwetu, piga simu kwa ofisi ya ufuatiliaji wa magonjwa ya kaunti, mtaje nambari ya kontakti, siku aliyofikia na siku ya mwisho, kisha mtume fomu kwa njia yenu rasmi. Kwenye kundi la WhatsApp andikeni nambari ya kontakti tu, mfano "LM-04-07 amekabidhiwa, siku ya 9", basi. Jina la mtu, mtaa wake na ugonjwa wake pamoja kwenye kundi la watu 200 ni kuvunja Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, tena ni kumvunjia mtu heshima. Na msihesabu amekabidhiwa mpaka sisi tuseme tumempata. Kuna watu hupotea katikati, Lamu wameshamfuta, Malindi hawajamwandika.

Madereva wa malori ya bandari ya Kililana na utingo wao ni mlango mwingine. Mgonjwa wa kwanza kutangazwa Kenya, tarehe 31 Julai 2024, alikuwa msafiri kwenye mpaka wa Taveta, kwa hiyo barabara si jambo dogo. Dereva mpe saa maalumu ya kupigiwa, kwa mfano saa mbili usiku akiwa ameegesha. Chukua nambari mbili, yake na ya utingo, na uliza anapolala njiani. Ukimpigia akiwa kwenye usukani atakujibu "niko sawa" ili umwachie.

Jioni piga hesabu moja ya kweli. Waliopaswa kufuatiliwa leo 48, walioonwa au kuzungumza wenyewe 41, simu hazikushika 5, waliohama 2. Hiyo ni 41 kwa 48, asilimia 85. Simu isiyoshika usiiite "amefuatiliwa". Na kila wiki uliza swali lisilopendwa: kati ya wagonjwa wapya, wangapi walikuwa tayari kwenye orodha zetu? Wakiwa 6 na 2 tu ndio mliowaandika, mna njia ya maambukizi msiyoijua, hata kama asilimia yenu ya jioni ni 100.

---

MkataMaji alijibu:

Dago sasa. Bi mdogo, usipigane na mtandao, mtumie tajiri wa samaki.

Kila dago lina anayelinunulia samaki, na boti la barafu huenda na kurudi. Yeye ndiye anayejua nani yuko Kiwayu, nani amehamia Ndau, na nani atarudi bamvua (maji makubwa) ngapi. Kabla boti halijaondoka fanya mambo matatu. Mpe nahodha wa dago kazi kwa jina, na umweleze kwa maneno machache ya kutafuta: homa, vipele, mitoki. Mpe kipimajoto cha kwapani, hakitaki betri kubwa wala kivuli. Mpe karatasi iliyolaminishwa yenye nambari za watu wake, si majina, na siku za kuweka alama kwa kalamu isiyofutika. Boti la barafu likirudi huja na picha ya karatasi au karatasi yenyewe. Hapo unapata siku mbili au tatu kwa mkupuo, nawe uandike wazi hivyo hivyo: "kwa taarifa ya nahodha, safari ya tarehe fulani". Usijifanye umemwona.

Mpangie pia njia ya kumtoa. Mtu akipata vipele dagoni, alale upande wake wa kibanda, awe na mkeka, shuka na kikombe vyake, asiingie zamu ya kupika, na boti lipi litamleta lijulikane kabla, na nani atalipa mafuta. Usipolijibu la mafuta siku ya kwanza, hakuna atakayekuarifu siku ya kumi. Kaskazi mambo ni mepesi. Kusi likivuma bahari ya nje hukaa vibaya na safari huahirishwa, kwa hiyo ongeza siku kwenye mpango wako.

Usafiri wako mwenyewe: fomu ndani ya mfuko wa plastiki wa kufunga, peni mbili, simu imejaa chaji na betri ya akiba. Fomu za kwenye simu zihifadhi kwanza, zitume ukifika penye mtandao, na uhesabu zilizotumwa zilingane na ulizojaza. Kutoka Mtangawanda hadi Faza, kule Pate, rekodi hubakia simuni mpaka mtu akumbuke.

---

Mwana_wa_Daka alijibu:

Naomba kupingana kidogo na Nahodha kwenye kahawa, ambayo hata hakuigusa. Vikombe vya kahawa barazani husuuzwa kwenye maji yaleyale ya ndoo. Kwa nini wasiandikwe wote waliokaa?

Na jambo jingine: yale makoti ya wafuatiliaji yenye maandishi mgongoni. Vichochoro vya mtaa wa Mkomani punda wawili hawapishani. Ukisimama na koti hilo mlangoni kwa mtu dakika tano, hadi magharibi mtaa mzima umeshamtangaza. Koti liwe mfukoni, beji uitoe ukishakaribishwa.

---

Nahodha_wa_Fomu alijibu:

La koti nakubali kwa asilimia mia.

La kahawa, angalia mdomo wa mgonjwa. Alikuwa na vidonda mdomoni au kooni siku ile? Kama ndiyo, waandike waliomfuata kwenye kikombe na waliokaa wamemwelekea. Kama hapana, baraza nzima ni majina kumi na tano ya kukumalizia miguu huku mke wa mgonjwa hajaonwa siku mbili. Orodha ndefu isiyofuatwa ni mbaya kuliko fupi inayofuatwa kila siku. Muuza kahawa mwambie achemshe vikombe, hiyo ni kazi ya dakika moja na haitaki fomu.

---

BintiWiyoni aliandika:

Allah awalipe. Bado majina na wasiokuwa na simu, na wale wanaokataa. Tena nimesikia mtu akisema "mnataka kutupeleka karantini kama ule wakati". Nimjibu nini?

---

SindanoTaratibu alijibu:

Ana haki ya kukumbuka. Mwaka 2020, wakati wa korona, watu waliwekwa karantini kwa lazima na wengine wakatozwa gharama za kukaa huko. Usibishane naye, mwambie kilicho tofauti leo: asiye na dalili halazwi popote, anaendelea na kazi, na unachotaka ni dakika tano kwa siku hadi tarehe fulani. Itaje tarehe yenyewe, mtu huvumilia kitu chenye mwisho. Usiahidi chakula wala pesa ambazo hujaziona kwa macho. Kama upo msaada wa unga kwa wanaotengwa, mletee mgonjwa kabla hujamwomba majina.

Atakuuliza "nani kanitaja?" Jibu: "Siwezi kukuambia, na wewe pia sitakutaja kwa mtu." Atabahatisha jina palepale akikutazama usoni. Rudia sentensi ileile, kwa sauti ileile, hata akibahatisha sawasawa.

Akikataa, ondoka kwa salamu, urudi kesho wakati mwingine. Mara nyingi kinachokataliwa ni saa au mtu, si kazi yenyewe. Pengine mhudumu wa afya ya jamii uliyefuatana naye ni jirani au shemeji yake, na hataki ajue. Mwulize angependa aje nani. Imamu au mzee wa mtaa mwite tu akikubali yeye mwenyewe. Sheria ya Afya ya Umma, sura ya 242, ina nguvu zake na ni za afisa wa afya, si zako. Ukimtishia mmoja kwa polisi, wengine kumi watazima simu.

Saa nzuri ya nyumbani Lamu ni baada ya alasiri. Ijumaa kabla ya adhuhuri usiende. Hodi mara tatu, na kama mwanamume hayupo, baki dakani (ukumbi wa mlangoni) na uzungumze na mama mlangoni.

---

Mwana_wa_Daka alijibu:

Majina basi. "Mohamed Ali wa Langoni" ni watu ishirini. Andika majina matatu, jina la mama, lakabu (mara nyingi lakabu ndiyo inayomtoa mtu), mtaa, msikiti ulio karibu, na alama ya nyumba: mlango wa nakshi uliovunjika komeo, duka la nazi kushoto. Mpe nambari palepale, ya mgonjwa kwanza kisha yake, mfano LM-04-07 ni mtu wa saba wa mgonjwa wa nne. Akitajwa na wagonjwa wawili abaki na nambari moja, na andika siku ya mwisho ya kutangamana iliyo ya hivi karibuni zaidi kati ya hizo mbili. Hapo ndipo watu hurudufiwa, mmoja anafuatwa na timu mbili asubuhi moja na hasira yote humwangukia wa pili.

Simu ya mume: andika "ya mume, iko nyumbani baada ya isha". Usiache ujumbe wowote wenye neno mpox kwenye simu isiyokuwa yake. Mkubaliane na mama neno la kawaida, mathalani unauliza kuhusu kliniki ya mtoto. Asiye na simu kabisa ni wa kutembelewa, mpange kwanza asubuhi, wa simu waje baadaye.

---

StendiMalindi alijibu:

Moja kabla sijalala. Haya yote ni ya mpox. Msije mkayabeba kama yalivyo kwenye ugonjwa mwingine. Kipindupindu huibuka ndani ya saa chache hadi siku 5, kwa hiyo siku 21 ni kupoteza watu. Pale unafuata maji: kisima kipi, kiko hatua ngapi kutoka chooni, ndoo gani huchotea, na nyumba zinazomzunguka mgonjwa unazifikia siku ileile na dawa ya maji na sabuni. Surua huambukiza siku 4 kabla ya vipele hadi siku 4 baada, tena hewa ya chumba hubaki na virusi hadi saa mbili baada ya mgonjwa kutoka, kwa hiyo hapo hata aliyepita chumbani anaandikwa, na chanjo inafaa ndani ya saa 72. Na chikungunya, ile ya Lamu mwaka 2004, huna haja ya orodha ya watu hata kidogo. Ni mbu. Funika mitungi na matangi.

---

Nahodha_wa_Fomu alijibu:

Binti, Jumatatu asubuhi usianze na fomu mpya. Chukua orodha ya wagonjwa wa zamani, chora mstari wa tarehe kwa kila mmoja kwenye karatasi moja, tia alama dalili ya kwanza na siku alipotengwa. Penye pengo la siku tatu bila jina hata moja, huko ndiko uende kwanza.